Tope Lisilokauka

Siku ya tatu Mama Chiriku aligusa tope kwa ncha ya kijiti cha meno, na kijiti kikarudi kimelowa.

Alikitazama kijiti, kisha akakitazama kifaru cha plastiki alichokipaka tope hilo. Alijiambia kwamba labda ni hewa tu. Mawingu yalikuwa yameshinda juu ya mji wiki nzima, hata nguo za mtoto zilinuka uvundo kwenye kamba. Lakini tope lake halikuwa la kungoja jua. Lilikuwa tope la kutengeneza: udongo uliochekechwa kwa soksi ya nailoni, jasi kidogo, vumbi la mbao, gundi nyeupe, na maji ya kuhesabu matone. Ukilipaka asubuhi, jioni limekauka kama ukoko wa wali. Kwa miaka mitano halijawahi kumgomea.

Kazi yenyewe majirani walikuwa hawaielewi. Baba mkwe wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikuwa mtengeneza saa mpaka watu walipoacha kuvaa saa. Ndipo akageukia vifaru vidogo vya kivita vya plastiki, kila kimoja kirefu kupita kiganja kidogo tu, akiviunga kipande kwa kipande kwa kibano kilekile cha saa. Wanunuzi wake, wengi askari wastaafu na watu wa makumbusho, hawakutaka kifaru kilichotoka dukani. Walitaka kilichotoka vitani. Hapo ndipo mkwe wake alipoingia. Fundi aliunga, mkwe akachafua.

"Kwingine kote mkwe huletwa nyumbani aje asafishe," Fundi alipenda kuwaambia wageni. "Wangu mimi namlipa achafue. Na anachafua kuliko watoto wenu wote mkiwaweka pamoja!"

Wageni walicheka, na Mama Chiriku, mwenye haya za kuzaliwa nazo, aliinamisha kichwa juu ya brashi. Lakini moyoni alijua kazi yake. Alijua kifaru hakichafuki ovyo. Kutu huanza pale chuma kinaposuguana na chuma. Vumbi hulala juu, penye utulivu. Tope la zamani hupauka likang'ang'ania tumboni, na tope jipya hukaa juu yake, jeusi, karibu na minyororo. Mtu anayejua kulisoma tope anaweza kukuambia kifaru kimepita wapi, na lini.

Alijua pia sharti moja. Udongo wa kweli haupakwi mbichi. Hukaangwa kwanza kwenye karai kavu mpaka uache kunuka, kwa sababu una mayai ya wadudu na mbegu za ukungu, na ukiuweka mbichi, wiki haiishi kabla kazi yako haijaota manyoya. "Udongo una wenyewe," Fundi alimwambia siku ya kwanza ya kumfundisha. "Watoe kwanza, ndipo uwe wako."

Udongo wa kifaru hiki hakuukaanga.

Uliletwa ndani ya kopo la peremende na koplo mmoja aliyekuwa kikosi kimoja na mumewe. Baba Chiriku alikuwa dereva wa kifaru. Mwaka mmoja nyuma, kwenye kivuko cha mto, kifaru chake kilipigwa kikawaka, na kifuniko kikakataa kufunguka. Jeshi lilileta barua na jozi mbili za soksi. Mwili haukuja, maana hapakuwa na mwili wa kuleta. Mama mkwe alikaa mwaka mzima hana hata kaburi la kwenda kulilia.

"Nilikwangua kwenye mnyororo, mama," koplo alimwambia, macho yake yakiwa sakafuni. "Sikujua nikuletee nini kingine."

Mama mkwe alilipakata kopo lile kama mtoto mchanga. Kesho yake akaja nalo kwenye meza ya kazi, akaliweka katikati ya brashi.

"Nitengenezeeni kifaru cha mwanangu," alisema. "Mkipake udongo huu. Nikiweke sebuleni, nijue amerudi nyumbani."

Nani angemkatalia? Fundi aliunga kwa siku tisa bila kupiga mluzi hata mara moja. Ilipofika zamu ya mkwe, karai lilikuwa tayari juu ya jiko, limeshika moto, na udongo uko kwenye kijiko, mkono ulipogoma. Mtu huyu ameshaungua mara moja, aliwaza. Nimchome mara ya pili? Akazima jiko.

"Umeukaanga?" Fundi aliuliza kutoka kwenye kiti chake.

"Ndiyo, baba."

Ulikuwa uongo wa kwanza kumwambia mzee yule tangu aolewe.

Sasa siku ya tatu ilikuwa imefika, na tope bado bichi. Alifuta kijiti kwenye aproni, akakirudisha kifaru kwenye rafu ya sebuleni, na hakumwambia mtu.

Siku ya nne Fundi alisimama mbele ya rafu, miwani juu ya paji la uso.

"Mkwe wangu, umezidisha mkono. Hili tope limefika mpaka kwenye magurudumu ya juu."

"Mimi sijakigusa, baba. Labda mama."

"Mama nani?" mama mkwe alidakia kutoka jikoni. "Mimi hata kupaka mafuta mwilini sijui, nitajua kupaka tope?"

Wakacheka, kicheko cha nyumba iliyokaa muda mrefu bila kicheko. Mama Chiriku naye alicheka, mpaka aliposogea karibu. Tope jipya halikuwa lake. Lilikuwa la kijivu, laini, la kuteleza, na ndani yake mlikuwa na nyuzi za majani mabichi. Lilikuwa tope la mtoni. Na lilinuka. Kwanza lilinuka maji yaliyosimama, kisha dizeli, na chini ya dizeli palikuwa na harufu nyembamba ambayo alikataa kuipa jina, ya unywele ulioshika moto.

Siku ya tano tope la mto lilikuwa limepauka, na juu yake limekaa vumbi jeupe la nyika, pamoja na mbegu za majani makavu zilizonasa kwenye minyororo. Siku ya sita palikuwa na weusi wa lami. Mama Chiriku alikaa mbele ya rafu na kioo chake cha kukuzia, akasoma tabaka moja baada ya jingine. Mto. Nyika. Barabara. Mtu mwingine angeona uchafu tu. Yeye aliona safari.

Kitu kingine alikiona siku hiyohiyo, na alijilaumu kwa kuchelewa kukiona. Chiriku alikuwa kimya.

Mtoto yule alikuwa na miaka minne, na jina la utani hakupewa bure. Aliongea akila, akioga, hata usingizini, na baba yake kabla ya kuondoka alizoea kusema kwamba siku akinyamaza, waite daktari. Sasa alikaa mkekani chini ya rafu, magoti kifuani, akitikisa kichwa polepole kama mtu anayesikiliza hadithi ndefu. Mara mojamoja alinong'ona.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

"Na baba."

Mama Chiriku alikaa chini kando yake. "Baba yuko wapi?"

"Humo." Kidole kilielekea kwenye kifaru. "Anasema ndani kuna joto sana. Anasema nimfungulie kifuniko. Lakini mimi siwezi, kucha zangu zimeisha."

Mama aliishika mikono ile midogo akaigeuza. Kucha nne za mkono wa kulia zilikuwa zimevunjika mpaka kwenye nyama, na chini yake mlikuwa na tope.

Alimpeleka zahanati. Walimpima joto, wakampa dawa ya maji ya kikohozi, kwa sababu njiani mtoto alikuwa ameanza kukohoa. Waliporudi, Mama Chiriku alichukua kopo la poda ya rangi, ile ya kahawia iliyopauka aliyoitumia kutengenezea vumbi, akainyunyiza nyembamba juu ya rafu yote kuzunguka kifaru, kisha sakafuni, mpaka kwenye mkeka. Kama ni panya, tutaona miguu ya panya, alijiambia. Kama ni mama mkwe anakuja kukishika kwa huzuni yake, tutaona vidole vyake, na Mungu anisamehe kwa kumshuku.

Mchana uliofuata, nyumba nzima ikiwa imelala baada ya kula, alijilaza mkekani kando ya mwanawe, akafumba macho. Nje jirani alikuwa anajenga ukuta, na mwiko ulikwaruza kwenye saruji. Halafu mwiko ukanyamaza. Kuku wakanyamaza. Katika utulivu ule akasikia, juu ya kichwa chake, sauti ndogo kama ya mtu anayesaga punje za mchele kwa meno, krr, krr, krr, ikisimama, ikianza tena, ikishuka pale ambapo hapakuwa na pa kushukia, ikaja sakafuni, ikaja mkekani, ikapita karibu na uso wake kiasi kwamba alihisi joto lake shavuni kama joto la pasi, na ile harufu ikamjaa puani, na alitaka kufungua macho lakini kope zilikuwa nzito kama zimepakwa gundi, mpaka upande wa pili wa mto waliolalia akamsikia mwanawe akisema taratibu, kwa upole wa mtu mzima, "Bado kidogo. Bado kidogo tu, baba."

Akafungua macho akipiga kelele.

Kifaru kilikuwa kwenye rafu, mahali pake. Lakini kwenye poda palikuwa na mistari miwili myembamba, yenye meno ya minyororo, iliyotoka pale kilipokaa, ikafika ukingoni mwa rafu, ikaendelea sakafuni, ikaishia kwenye mto wa kulalia, pale sikio la mtoto lilipokuwa. Ya kurudi haikuwepo.

Alikishusha kifaru, akakipeleka dirishani. Juu ya weusi wa lami palikuwa na vumbi jekundu la matofali, la ule ukuta wa jirani. Na kwenye mnyororo wa kushoto, kimebanwa kama ukucha, palikuwa na kibanzi cha rangi ya kijani. Hakuhitaji kioo. Lango lao lilikuwa la kijani. Alilipaka mwenyewe.

Na kifuniko, ambacho Fundi alikifunga kwa gundi ya kudumu, kilikuwa kimeinuka unene wa karatasi.

Alimkuta Fundi kwenye meza ya kazi. Alipiga magoti, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya harusi, akamweleza kila kitu kuanzia karai lililozimwa. Alisema amedanganya. Alisema amemleta mtu asiyemjua ndani ya nyumba, na mtu huyo anamtaka mtoto. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Kibano kilibaki hewani.

"Baba, nitukane basi."

"Nikutukane nini," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeishiwa. "Hata mimi nisingeukaanga."

Ni yeye aliyekwenda kumwita Mshonaji.

Mshonaji alikuwa mwanamke mnene mwenye cherehani mbili nyuma ya soko, na watu walimwendea kwa mambo mawili: nguo, na yale yasiyosemwa mbele ya watu. Alifika na futi yake ya kitambaa ikiwa bado shingoni.

"Nimeiacha suruali ya bwana harusi ina mguu mmoja," alisema mlangoni. "Semeni haraka." Kisha akavuta pumzi, na mzaha ukamtoka usoni. "Mtoto yuko wapi?"

Alimsimamisha Chiriku, akampima kwa futi yake kama anayemkatia gauni: bega, mkono, kifua, urefu. Alipima mara mbili. Mtoto hakuuliza chochote, akageuzwa huku na huku kama mwanasesere. Pumzi yake ilinuka dizeli.

"Mikono ya gauni alilovaa ni ndefu. Lilishonwa lini?"

"Mwezi uliopita," alisema Mama Chiriku. "Lilimkaa sawa."

"Huyu haumwi. Huyu anahamishwa." Mshonaji aliikunja futi polepole. "Kila siku kipande chake kinaingia mle, na cha mle kinaingia kwake. Kile kifuniko kikifunguka chote, aliye ndani atataka nyumba, na nyumba ameshaichagua."

"Aliye ndani ni mwanangu," mama mkwe alisema.

Alikuwa amesimama penye pazia, khanga ameibana chini ya kidevu. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini.

"Nimemsikia," aliendelea. "Ni sauti yake. Mimi nimemzaa, nyinyi mtaniambia nini? Ananiita. Anasema, mama, maji. Mwaka mzima sikuwa na kitu, sasa nina sauti, mnataka kuniondolea?"

Mshonaji alimjibu kwa upole.

"Dada yangu, sauti ni yake, sikubishii. Lakini pale walipofia watu wengi kuna majini wanaokunywa vilio. Huyu alikunywa kilio cha mwanao mpaka tone la mwisho, ndiyo maana anajua kulia kama yeye. Mwizi akivaa koti la mwanao utamkaribisha mezani?"

"Na kama ni yeye? Na kama ni yeye kweli?"

"Nionyeshe baba anayemvunja mwanawe kucha ili atoke yeye."

Machozi yalimtiririka mama mkwe, lakini hakuondoka penye pazia.

Mshonaji aliwaambia la kufanya, na halikuwa jambo kubwa. Lililorukwa lifanywe, na lifanywe na aliyeliruka. Tope lote likwanguliwe, likaangwe kwenye karai lilelile mpaka liache kunuka. "Ataongea," alisema. "Msimjibu. Msimuulize kitu, hata kimoja, hata kama atawaambia anajua mnachotaka kujua. Hasa hapo. Ukimuuliza umemfungulia mlango."

Walifanya palepale, mchana kweupe, mvua ikianza kugonga bati. Jiko liliwekwa kwenye sakafu ya ukumbini. Mshonaji alimpakata Chiriku, Fundi akasimama nyuma ya mkewe, na Mama Chiriku akachukua kisu chake kidogo cha kazi, akaanza kukwangua.

Alianza na vumbi jekundu, kisha lami, kisha nyika, kisha mto, tabaka moja baada ya jingine, akiirudisha safari nyuma, na kila tabaka lilipodondoka karaini lilitoa mlio kama nyama mbichi. Mwisho likabaki lile alilolipaka kwa mkono wake, udongo wa kopo la peremende. Hilo lilikuwa na joto kabla ya kuguswa na moto.

Akalitia.

Kwanza palikuwa na moshi tu. Halafu, kutoka chini ya kijiko alichokuwa anakorogea, mumewe akasema, "Mama Chiriku."

Akasema vile alivyozoea kusema akirudi kazini, akivuta ile "Ma" ya mwanzo kama anayeimba. Mkono wa Mama Chiriku ulisimama.

"Koroga," alisema Mshonaji.

Akakoroga.

"Mama Chiriku, ni mimi. Umekata nywele. Umepunguza mwili, huli vizuri. Mbona huniitikii?" Sauti ilicheka kidogo, kile kicheko cha puani alichompendea. "Umenikasirikia? Nilisema narudi, na nimerudi. Nimetembea njia yote. Kwa nini unanichoma mara ya pili?"

Neno lile hakuwahi kulitamka kwa mtu. Lilikuwa neno la ndani ya kichwa chake, siku ile mbele ya jiko. Aliuma ncha ya khanga yake, akaishindilia mdomoni isije ikatoka hata pumzi yenye sura ya neno, akakoroga, na sauti ikahama kutoka kwake ikamwendea mama mkwe, ikawa sauti ya kijana, kisha ya mvulana anayelia amejikata mguu, mama, maji, mama, nifungulie, na penye pazia palisikika purukushani na Fundi akisema "Mke wangu, mke wangu, mke wangu," bila jingine, kama mtu anayembembeleza mtoto, na mvua ikazidi juu ya bati, na mtoto mikononi mwa Mshonaji akajinyoosha akawa mgumu kama ubao na kucha zake zilizovunjika zikaanza kuchimba hewa, na ndipo sauti ikamrudia Mama Chiriku, chini sana, karibu sana, kama wamelala kwenye mto mmoja.

"Najua usiku hulali unawaza nini," ilimwambia. "Unawaza, je, aliteseka? Je, alisema nini mwisho? Alinitaja? Mimi nilikuwepo. Hakuna mwingine aliyekuwepo. Niulize tu, mke wangu. Uliza mara moja, nikwambie, niende zangu."

Hapo ndipo aliposhindwa kuona karai kwa machozi. Mwaka mzima aliwahi kutaka nini kingine? Angetoa mkono wake wa kuchorea kwa jibu hilo moja. Swali lilikuwa limeshajaa mdomoni, nyuma ya khanga, na lilikuwa na ladha ya udongo.

Chiriku alikohoa. Kilikuwa kikohozi kidogo, cha mtoto, na kikatoka na tope likachirizika kidevuni.

Mama Chiriku akameza swali lake. Aliinama akakoroga kwa mikono miwili, kwa nguvu, kama anayesonga, akigeuza cha chini juu, na sauti ikaanza kusema bila kuulizwa, ikisema haraka, "Alisema... alisema...", lakini kijiko kilikwaruza karai na maneno yakasagika pamoja na udongo mpaka yakawa mlio, mlio ukawa moshi, na moshi ukatoka dirishani ukapigwa na mvua.

Karaini palibaki majivu meupe, mepesi, yasiyonuka kitu.

Chiriku alitapika tope kikombe kizima, akalala. Aliamka saa kumi na mbili jioni akitaka chai, na kabla chai haijapoa alikuwa ameuliza kwa nini yule mama mnene ana futi shingoni, kwa nini mvua hailowi, na nani amemkata kucha vibaya hivi. Mshonaji alicheka mpaka akashika kiuno, akaondoka kwenda kuimalizia suruali yake. Fundi aliyafunga majivu kwenye gazeti, akaenda kuyazika mbali na mlango wa mtu yeyote. Kifaru chenyewe, kikiwa uchi, plastiki tupu ya kijivu, alikivunja kwa nyundo.

Ungedhani yameisha, na kwa mtoto yaliisha. Gauni lake lilimkaa tena sawa. Lakini mama mkwe hakumsemesha mkwe wake. Si kwa chuki. Alimwekea chakula, alimfulia akiwa na homa, ila hakumsemesha, na wawili hao walipishana ukumbini kama watu waliotoka kuzika mtu mmoja kwenye makaburi mawili.

Wiki ya tano, Mama Chiriku alikuwa akimsuka mwanawe mlangoni. Mtoto alikuwa anaongea mfululizo kama kawaida yake, juu ya paka, juu ya mvua, juu ya mtoto wa jirani anayekula chaki. Halafu akauliza, "Mama, hivi baba alikuwa anaongeaje?"

Vidole vya Mama Chiriku vilisimama kwenye nywele.

"Nimesahau," alisema mtoto. "Niongelee kama yeye."

Alijaribu. Aliitafuta sauti ya mumewe kichwani, ile ya sokoni, ile ya siku ya kuposa, ile ya mlangoni asubuhi alipoondoka na begi begani. Iliyokuja ilivuta "Ma" ya mwanzo kama inayoimba, ikacheka puani, ikasema, niulize. Akatafuta nyingine. Ikaja ileile. Alirudi nyuma mpaka siku ya kwanza waliyokutana, na hata huko, kwenye kijana yule mwembamba aliyemwomba maji ya kunywa, mdomo ulifunguka na iliyotoka ilikuwa ya karaini. Hakuweza tena kujua ipi ilikuwa ya mume na ipi ya mwizi, na alijua kwamba akiitoa mdomoni mwake, mbele ya mtoto, hatakuwa na uhakika ni nani anayeongea.

"Kamuulize bibi yako," alisema.

Mama mkwe alikuwa anachambua mchele ndani, hatua tatu tu kutoka pale. Aliinua uso. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki tano aliutazama uso wa mkwe wake, akautazama kwa muda mrefu, na kitu fulani ndani yake kikaelewa kisha kikalegea. Aliweka ungo chini, akapigapiga mkeka kando yake.

"Njoo, mjukuu wangu. Njoo nikuambie. Baba yako alikuwa na mdomo kama wewe. Siku moja, ana miaka sita, alikuja akaniambia hivi..."

Na bibi akabadilisha sauti, na mtoto akaanza kucheka.

Mama Chiriku alisimama, akatoka uani, akafungua bomba lote mpaka mwisho, akaingiza ndoo chini yake ili mlio wa maji uifunike sauti iliyotoka ndani, na akabaki ameinama pale, maji yakimwagikia miguuni, mpaka alipoona kupitia mlangoni kwamba midomo ya bibi imeacha kusogea.